Madam na Kisanduku cha Nane

Madam hakuruhusu kikombe kukaribia kibodi. Chai ilinywewa kando ya dirisha, ukiwa umesimama, macho barabarani, na ukimaliza ulinawa vidole kabla ya kurudi kwenye mashine. Yeye mwenyewe alikunywa maji ya moto matupu. Ukimuuliza sababu, alisema chai humfanya aharakishe, na mtu wa haraka hupiga herufi mbili kwa pamoja.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Kwa mlinzi wa mlango wa chini, kwa makarani waliopanda ngazi kutuletea kazi, kwa mzee Mhindi mwenye jengo aliyeuza vitambaa kwenye duka la chini, alikuwa Madam tu. Masekretari wengi wa Nakuru walikuwa wamepita mikononi mwake enzi alipokuwa akifundisha kupiga chapa, na hata wale waliokuwa sasa wakubwa wa ofisi walinyoosha mgongo wakimwona. Nilimshuhudia mama mmoja mwenye gari na dereva akitoa chingamu mdomoni na kuificha kwenye kitambaa kwa sababu Madam alikuwa akivuka barabara kuja upande wetu.

Niliingia kwake mwanzoni mwa mwaka wa 2007 nikiwa na cheti cha kompyuta na sketi moja ya ofisi. Nilikuwa nimetoka Molo, kwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Shangazi alikuwa mjane aliyelima viazi kwenye shamba la kukodi. Siku niliyoondoka alinifungia nusu gunia la viazi nimpelekee mwajiri wangu, akaniambia, "Huyo mama akikufundisha kazi, umshike kama mzazi." Nami nilifanya hivyo.

Madam alitazama mikono yangu kabla ya cheti. Aliigeuza, akabonyeza vidole kimoja kimoja, akasema, "Hii kidole ya mwisho ni mvivu. Tutaiamsha." Hakunipa mshahara wa mwezi wa kwanza mpaka kidole kile kilipoamka. Kila jioni nilibaki nusu saa nikipiga herufi moja, naye ameketi nyuma yangu akifuma sweta, bila kutazama, akisikiliza. Nikikosea alijua kwa sauti.

Aliniita mwanafunzi, na hakuacha hata baada ya kuniajiri. "Mwanafunzi, hiyo koma inafanya nini hapo?" Alirudisha barua nzima kwa sababu ya koma. Kusifu hakujua. Kazi ikiwa nzuri alikaa kimya, na baada ya miezi michache nilijifunza kuutamani ukimya ule.

Tulipiga chapa kila kitu: barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi, mialiko ya harusi. Lakini kazi aliyoipenda moyoni ilikuwa fomu. Alisema fomu ni kumuuliza mtu swali wakati wewe mwenyewe haupo, kwa hiyo ni lazima uulize vizuri zaidi kuliko ukiwepo. Alipima nafasi za majibu kwa rula. Fomu iliyoacha nafasi ndogo ya jina aliiita tusi. Na ingawa alikuwa amekaribia miaka sitini, alikuwa amejifunza peke yake, kwa kitabu kinene alichoachiwa na mteja, kutengeneza fomu za PDF za kujazwa ndani ya kompyuta, zile ambazo mtu anabonyeza kisanduku tiki inaingia, na chini jumla inajihesabu yenyewe. Mwaka ule hapa kwetu ni wachache sana waliojua jambo hilo. Watu walipanda ngazi kuja kuona tu.

Somo lile alinifundisha kwa kuniacha niteseke. Chama cha wakulima wa maziwa kilitaka fomu ya kupima mazizi: zizi safi, tiki, ng'ombe wamechanjwa, tiki, maji yapo karibu, tiki, mwishoni jumla ya alama. Madam alinikabidhi akaenda zake kwa fundi wa printa. Nilichora visanduku, nikaweka sehemu ya jumla, nikaiamuru ijumlishe vyote. Nikatiki. Jumla ikasema sifuri. Nikatiki vyote. Sifuri. Nilifuta nikaanza upya mara tatu. Aliporudi saa kumi nilikuwa karibu kulia.

Aligonga skrini kwa ncha ya penseli. "Hii kisanduku umeipatia thamani gani?"

"Ile ilikuja nayo, Madam. Ndiyo."

"Ndiyo ni ngapi?"

Nilitazama skrini tena.

"Hata kompyuta haijui," alisema. "Lazima umwambie wewe. Ndiyo ya zizi safi ni tatu. Ndiyo ya chanjo ni tano. Usipomwambia, mkulima atatiki mpaka achoke na atabaki na sifuri yake."

Kisha akavuta kiti akanionyesha. Nyuma ya kila kisanduku kuna nambari ambayo anayejaza haioni. Yeye anaona tiki peke yake. Ile jumla nayo unaweza kuiamuru ijumlishe tu, au unaweza kuiandikia masharti yako mwenyewe: kikiwa hiki kimetikiwa, fanya hivi, kisipotikiwa, fanya vile. Masharti hayo pia hayaonekani, na ukifunga fomu kwa paswadi hakuna wa kuyafungua ila wewe. "Ndiyo maana sifundishi kila mtu," alisema.

Niliona kwamba nimepewa heshima kubwa.

Uaminifu wake ulijulikana mjini. Diwani mmoja alipanda siku moja na vijana wake wawili akitaka barua iandikwe tarehe ya mwezi uliopita. Madam alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia mashine zake hazina tarehe ya jana. Diwani alicheka. Madam hakucheka. Mtu yule alishuka ngazi na barua yake mfukoni, na kazi za ofisi yake hazikuja kwetu tena. Madam hakulitaja jambo hilo hata mara moja.

Lakini alikuwa na udhaifu mmoja, nao ni jina lake. Ninaposema hakuna aliyemwita kwa jina, simaanishi alilisahau. Alikuwa na muhuri wa mpira wenye jina lake kamili, na aliufuta wino kila jioni kwa spiriti. Kanisani walipobandika orodha ya wazee wa kamati wakakosea herufi moja ya jina lake la ukoo, alikwenda kwa miguu siku ya Jumatatu, katikati ya kazi, akasimama hapo mpaka ikabandikwa mpya. Kwenye droo aliweka barua zote alizowahi kuandikiwa na wakubwa za kumshukuru, zimepangwa kwa miaka. Hakuogopa mtu, lakini aliogopa kuchekwa. Wakati ule niliona ni jambo dogo, tena la kupendeza.

Kwamba hakuogopa mtu niliona kwa macho yangu. Mwezi wa kwanza wa 2008, baada ya uchaguzi, mji ulipochafuka, kwenye mlango wa pili kutoka kwetu palikuwa na fundi cherehani, mtu mpole wa kabila lililokuwa likitafutwa siku ile. Saa tano asubuhi tulisikia kelele barabarani, kisha miguu mingi kwenye ngazi. Madam alikimbilia kwa fundi, akamvuta kwa ukosi wa shati, akamwingiza chini ya meza yake, akaketi na kushusha kitambaa cha meza mpaka sakafuni. Kisha akabadili mawazo, akasimama, akaenda mwenyewe kwenye kilele cha ngazi.

"Fundi ako wapi, mathe?" kijana wa mbele aliuliza. Alikuwa na panga.

"Alihama juzi," Madam alisema. "Na wewe nilifundisha mama yako. Anajua uko hapa?"

Sijui kama kweli alimjua mama yake. Kijana aliangalia chini. Wengine nyuma walisukumana kidogo, mmoja akasema twendeni, nao wakashuka. Madam alirudi, akaketi, akanywa maji yake. Fundi alikaa chini ya meza ile mpaka alipochukuliwa jioni kwa gari la mzee Mhindi.

Nasimulia hili kwa sababu ni la kweli kama yale mengine. Mtu akiniambia Madam alikuwa mbaya, namwambia habari ya fundi. Akiniambia alikuwa mwema, namwambia yanayofuata.

Wiki hizohizo nyumba ya shangazi ilichomwa. Alitoroka na wajukuu wake wawili, akalala siku kadhaa kwenye kanisa moja, kisha akaletwa Nakuru juu ya lori la kabeji. Alipelekwa kwenye kambi iliyokuwa pembeni mwa mji, hema baada ya hema, tope kila mahali. Nilimwomba aje kwenye chumba changu. Alikataa. Alisema akitoka kambini jina lake litatoka kwenye orodha za msaada, na yeye anataka kurudi kulima.

Orodha zilikuja kweli. Watu fulani wa mjini waliunda kamati ya kugawa mabati, mbao na mbegu, na kwa kuwa vitu havikutosha wote, walitaka njia ya kupanga nani atangulie. Mwenyekiti wa kamati, mtu mnene mwenye sauti ya chini, alipanda ngazi zetu kuonana na Madam. Walizungumza mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka, Madam aliniambia tutatengeneza fomu yenye visanduku vinane. Nyumba imechomwa, alama tano. Mifugo imeibwa, tatu. Mjane, nne. Watoto wadogo, tatu. Cha nane kilisema: shamba lilikuwa la kukodi, alama mbili.

"Hawa wa kukodi wamepoteza zaidi," nilimwambia. "Hawana hata mahali pa kurudi."

"Ndiyo maana tumewawekea kisanduku," Madam alisema.

Nilichora fomu ile mimi, nikaweka thamani zote mimi. Siku ya Jumamosi niliiacha kwenye kompyuta yangu ikiwa imekamilika. Madam alisema atakuja Jumapili baada ya kanisa kuipitia na kuifunga kwa paswadi, kwa sababu mambo ya misaada yana wajanja wengi. Jumatatu nilipewa laptop yenye fomu hiyo, nikapelekwa kambini kuwajazia watu.

Niliketi chini ya turubai siku tisa. Waliniamini upesi, maana nilikuwa mtoto wa Molo, niliwajua wengine kwa sura, na niliongea nao kwa lugha yao walipochoka na Kiswahili. Nakumbuka mzee mmoja mwenye koti la mvua alipoinama kwenye skrini.

"Hii ya nane ni ya nini?"

"Ni ya wale walikuwa wamekodi shamba, mzee. Wewe ulikuwa umekodi?"

"Nilikodi. Haitaniharibia?"

"Haiwezi. Kila tiki inaongeza."

"Basi weka, msichana wangu."

Niliweka. Niliwawekea wengi. Wengine walishukuru kwa kunishika mkono kwa mikono yote miwili.

Siku ya nane shangazi alifika mbele ya foleni. Hakutaka nimruhusu apite wengine. Nilimjazia kama wote: nyumba, mifugo, ujane, wajukuu, shamba la kukodi. Mimi sikuwa nikitazama jumla za watu, foleni ilikuwa ndefu. Ya shangazi niliitazama. Ilisema kumi.

Tano na tatu na nne na tatu na mbili ni kumi na saba. Nilihesabu tena kwa vidole chini ya meza. Nikaanza kutoa tiki moja moja nione ipi haifanyi kazi. Nilipotoa tiki ya kisanduku cha nane, jumla ikapanda kutoka kumi hadi kumi na tano.

Kisanduku kinachoongeza alama ukikiacha wazi. Nilielewa mara moja, maana nilifundishwa vizuri. Kulikuwa na sharti nyuma ya jumla: aliyekodi shamba hapewi zile mbili, na alama tano za nyumba yake iliyochomwa zinafutwa. Na mwenyekiti alikuwa ametangaza kwamba walio chini ya kumi na mbili watangoja.

"Kuna shida?" shangazi aliuliza.

"Hapana, Anti. Mashine tu."

Ningeweza kuiacha ile tiki nje. Alama kumi na tano zilikuwa pale mbele yangu. Lakini nilifikiria wale wote wa siku saba zilizopita, mzee wa koti la mvua, na nikaamini kwamba ni kosa, na kwamba mwenye fomu akijua atarekebisha. Nikarudisha tiki. Jioni hiyo, kabla giza halijaingia, nilipanda ngazi mbio nikamkuta Madam akifunga madirisha.

Nilimweleza. Alinisikiliza akiwa amenipa mgongo, akihangaika na komeo.

"Umechoka, mwanafunzi," alisema. "Maliza na wale wamebaki. Usiguse kitu. Nitarekebisha zote pamoja kabla ya orodha kutoka."

"Kwa hivyo ni makosa?"

"Nimesema nitarekebisha."

Nilishuka ngazi nikiwa mwepesi kabisa. Usingizi ulinichukua kama mtoto.

Orodha ilibandikwa kwenye lango la kambi siku tatu baadaye. Nilisoma kutoka juu hadi chini. Wenye mashamba yao walikuwepo. Waliokodi hawakuwepo hata mmoja.

Watu hawakuwa wajinga. Mpaka saa sita walikuwa wamelinganisha wao kwa wao na kugundua wanachofanana, na walimzingira mwenyekiti wakitaka maelezo. Mkutano uliitwa mchana huohuo kwenye uwanja ulio katikati ya mahema. Nilimwona Madam akija, amevaa sweta yake ya kijivu na viatu vya kanisani, akiinua miguu juu ya tope. Nilifurahi kumwona. Nilisogea karibu naye, nikidhani amekuja kuwaambia ukweli.

Mwenyekiti alisema fomu ilitengenezwa na wataalamu na kamati haikujua kitu. Akamkaribisha Madam. Madam aliweka laptop juu ya meza, akaifungua mbele ya wazee watatu waliochaguliwa na watu, akawaonyesha ile sehemu inayoeleza habari za faili: limetengenezwa lini, na nani. Kwenye nafasi ya mtengenezaji palikuwa na jina langu, yote mawili, yameandikwa sawasawa bila kosa la herufi. Kompyuta yangu ndiyo iliyotumika. Hata Jumapili ile alipoketi kwenye kiti changu kuandika masharti yake, jina lililobaki ni langu.

"Hii kazi ilifanywa na huyu msichana," Madam alisema kwa ile sauti ambayo Nakuru nzima ilikuwa imeitii. "Hesabu yake ilikuwa na makosa, na mimi nilimwamini, sikuipitia. Ni mdogo. Nyinyi wenyewe mnajua amefanya kazi siku ngapi hapa bila kupumzika. Nawaomba tumsamehe."

Watu wote walinigeukia, na shangazi alikuwa miongoni mwao, amembeba mjukuu mdogo mgongoni. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kusema, "Tumemsamehe."

Baada yake wengine walisema vivyo hivyo, mmoja mmoja. Mzee wa koti la mvua aliondoka tu.

Mabati yalikuwa yamekwisha kupakiwa kwenye malori asubuhi ile. Hayakurudi. Kamati iliahidi awamu ya pili, nayo haikuja.

Kesho yake nilikwenda ofisini kuchukua viatu vyangu na kikombe. Madam alikuwa akipiga chapa ratiba ya mazishi. Nilimuuliza kama kamati ndiyo iliyomwagiza. Alikiri bila kuzungushazungusha. Mwenyekiti alimwambia kumpa mabati mtu asiye na shamba ni kuyatupa, atayaweka wapi, lakini akisema hivyo hadharani kutakuwa na fujo. Ni afadhali mashine iseme.

"Uliniambia tumewawekea kisanduku," nilisema. "Na mimi nikawaambia watu kila tiki inaongeza."

"Ungejua, ungeweza kuwaambia hivyo?"

"Hapana."

"Basi," alisema, kana kwamba tumekubaliana, akarudi kwenye ratiba yake.

Nilipata kazi Naivasha, kwenye ofisi ya shamba la maua, kuandika lebo za katoni. Kambi ilipopunguzwa, shangazi alikodi chumba Kariandusi, karibu na machimbo ya yale mawe meupe, ambako vumbi hukaa juu ya paa na majani kama unga. Aliuza sukuma wiki na vitunguu kwa wachimbaji. Nilikwenda kumwona kila mwisho wa mwezi. Mara ya kwanza nilimweleza habari yote ya kisanduku cha nane. Alinisikiliza akichagua maharagwe.

"Makosa nilikusamehe," alisema. "Lakini usimsingizie mwalimu wako. Kama haikuwa wewe, mbona haukusema pale?"

Hilo ndilo lililoniumiza kuliko tope la kambi na macho ya wale watu. Hasira hakuwa nayo. Aliniona tu nimekuwa mtu wa kusukumia wengine makosa.

Wiki chache kabla ya Krismasi ya mwaka uleule, mlinzi wa shamba la maua aliniita langoni. Madam alikuwa amesimama kwenye jua na mkoba wake mbele ya tumbo, mwembamba kuliko nilivyomwacha. Macho yalikuwa yakimsumbua, alisema. Herufi zilikuwa zikipishana. Alitaka nirudi niendeshe ofisi, iwe yangu polepole.

Nilimwambia nitarudi kwa sharti moja. Aende kwa shangazi yangu amwambie mwenyewe.

Nilidhani atakasirika. Alisema tu, "Sawa. Lini?"

Tulikwenda Jumamosi. Kutoka barabara kuu ni mwendo wa miguu, na njiani alishika mkono wangu kwa sababu hakuona mashimo vizuri. Nilimuuliza swali nililobeba karibu mwaka mzima.

"Kwa nini jina langu, Madam? Ungeweza kusema ni mashine."

"Jina lako lilikuwa jipya," alisema. "Nilijua utapata ingine. Mimi langu nimetengeneza miaka thelathini. Ningeanzia wapi?"

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayeeleza kwa nini alichagua karatasi hii na si ile. Nami sikuuachia mkono wake, kwa sababu njia ilikuwa mbaya.

Shangazi alitupokea kama wageni wa ukoo. Alimpa Madam kiti chenye mto, akampakulia viazi na kabeji na maziwa mala yaliyoganda, akamshukuru kwa kunifundisha kazi. Madam alikula vizuri. Alimpakata mjukuu mdogo, akamuuliza majina ya vidole kwa Kiingereza. Alisifu mboga, akauliza habari ya shule, ya paa, ya vumbi. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikingoja. Kila alipovuta pumzi nilidhani sasa ndiyo.

"Huyu msichana wako," alisema hatimaye, "ni mwaminifu sana. Sijapata mwingine kama yeye."

"Tumshukuru Mungu," shangazi alisema.

Kisha Madam akatazama saa, akasema magari ya jioni hujaa mapema. Aliomba kwa niaba ya nyumba, sala fupi nzuri, akaagana na kila mtu kwa mkono.

Nilimsindikiza mpaka barabara kuu. Tulipofika alisema haikuwa siku nzuri ya kuongea mambo yale, mama wa watu alikuwa amefurahi, kwani sikuona? Akaniuliza kama nitakuja Jumatatu. Gari lilisimama, akapanda, akaketi dirishani, akaninyooshea kiganja kuniaga. Sikumwona tena.

Niliporudi, shangazi alikuwa akikusanya sahani.

"Mtu mnyenyekevu hivyo," alisema. "Kutoka Nakuru mpaka hapa kutusalimia. Na wewe ulitaka niamini ni yeye."

Niliketi kwenye kiti chenye mto, kwa kuwa hakukuwa na kingine, nikamweleza tena tangu mwanzo, polepole, kisanduku kimoja kimoja, na nambari iliyokuwa nyuma ya kila kimoja. Alifuta meza, akawavalisha watoto masweta, akasimama mlangoni akinisikiliza mpaka nikamaliza.

Halafu akaniuliza kama nitalala, au narudi Naivasha leo.